DAMU YAKO MWENYEWE, DAWA YA KWANZA YA SHIMO LA JINO

Haya ni mazungumzo tuliyotoa katika siku ya mafunzo ya afya ya kinywa, mbele ya wahudumu wa afya wa jamii, viongozi wa vikundi vya akina mama na vijana. Tumeyaandika karibu jinsi yalivyosemwa, ili wale ambao hawakufika wasome, na wale waliofika wawasomee jirani zao.

Tunashukuru kuwaona wengi hivi, na hasa akina baba. Mambo ya meno mara nyingi huachiwa akina mama na watoto, na huku akina baba ndio wanaovumilia jino bovu mpaka shavu linafura kama mandazi.

Siku hizi tumeulizwa swali moja mara nyingi. Watu wanasema, "Je, ni kweli kuna madaktari wa meno wanaomtoa mtu damu mkononi, wanaizungusha katika mashine, halafu wanairudisha katika shimo la jino ili apone haraka?" Wengine huuliza kwa hamu, wengine kwa hofu. Mzee mmoja alituambia wazi kwamba damu ikishatoka mwilini haina njia ya kurudi. Mama mmoja naye aliuliza kama hii si njia nyingine ya kuuza damu ya watu.

Basi leo tutajibu. Jibu fupi ni ndiyo, jambo hilo ni kweli, na si uchawi wala si biashara ya damu. Lakini jibu refu ndilo lenye faida kwetu. Maana hata yule ambaye hataiona hiyo mashine maisha yake yote, anayo damu ile ile, na damu hiyo itafanya kazi yake katika shimo la jino kama mwenyewe ataiacha ifanye.

DAMU HUFANYA KAZI GANI?

Ukijikata na panga shambani, damu hutoka, kisha inakuwa nzito, kisha inaacha. Ni nani aliyeizuia? Hakuna aliyekuja na dawa. Damu imejizuia yenyewe.

Ndani ya damu kuna chembe nyekundu zinazobeba hewa, na chembe nyeupe ambazo ni askari wa kupigana na magonjwa. Kuna pia vichembe vidogo zaidi ambavyo kazi yake ya kwanza ni kugandisha damu. Wataalamu huviita chembe sahani. Ni vidogo sana na ni vingi sana. Chukua mililita moja ya damu, uigawe mara elfu moja. Katika sehemu moja tu ya hizo elfu, mtu mzima mwenye afya ana chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000. Huishi siku 7 hadi 10 hivi, kisha mwili unatengeneza nyingine.

Mshipa ukikatika, chembe hizi hukimbilia pale na kushikamana. Halafu maji ya damu nayo yanatoa nyuzi nyembamba zinazoitwa fibrini. Nyuzi hizo husukana kama wavu wa mvuvi na kunasa chembe nyekundu. Ndipo tunapata bonge, yaani damu iliyoganda.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye siri. Watu wengi hudhani bonge la damu ni kizibo tu, kama kizibo cha chupa. Sivyo. Zile chembe sahani zimebeba ndani yake vitu vinavyoita seli za kujenga mwili. Ni kama mtu anayepuliza filimbi kuwaita mafundi kazini. Na ule wavu wa fibrini ni kama jukwaa la miti ambalo fundi hulifunga kando ya ukuta ili apate pa kusimama. Mafundi wakifika wanapanda jukwaa na kuanza kujenga.

Katika shimo la jino kazi huenda hivi: dakika chache baada ya jino kung'olewa, shimo linajaa damu na damu inaganda. Katika juma la kwanza nyama changa huanza kuingia mahali pa bonge. Majuma machache baadaye ufizi umefunika shimo. Chini yake mfupa unajijenga polepole, na kazi hiyo huchukua miezi. Yote yameanza na lile bonge. Ukiangusha jukwaa siku ya kwanza, fundi atasimama wapi?

NA ILE MASHINE INAFANYA NINI?

Madaktari walipoelewa hayo walijiuliza: kama chembe hizi ndizo zinazowaita mafundi, je, hatuwezi kuzikusanya nyingi mahali pamoja? Mwaka 1998, daktari mpasuaji wa Marekani, Robert Marx, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya kutumia maji ya damu yenye chembe sahani nyingi katika kupandikiza mfupa wa taya. Njia yao ilihitaji dawa ya kuzuia damu isigande kabla ya wakati, na baadaye dawa nyingine ya kuigandisha.

Mwaka 2001, huko Ufaransa, daktari Joseph Choukroun na wenzake wakaja na njia rahisi zaidi, isiyotia dawa yoyote katika damu. Hii ndiyo inayosikika sana siku hizi, na madaktari huiita kwa herufi tatu, PRF. Mkiona herufi hizo katika karatasi ya malipo, mjue ndiyo hiyo.

Kazi yenyewe ni hivi. Mgonjwa anatolewa damu katika mshipa wa mkono, kama vile anavyotolewa akienda kupimwa. Damu inaingia katika mirija midogo ambayo mara nyingi huchukua kama mililita 10 kila mmoja. Hiyo ni kama vijiko viwili vya chai. Mara moja mirija inawekwa katika mashine ya kuzungusha, na inazungushwa kwa mwendo wa mizunguko kama 2,700 hadi 3,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 10 au 12. Siku hizi wengine huzungusha polepole zaidi.

Wale wanaopeleka maziwa kwenye chama cha ushirika watakuwa wameelewa tayari. Mmeona mashine ya kutenganisha krimu. Maziwa yanazungushwa, kilicho kizito kinaenda upande wake na kilicho chepesi upande wake. Damu ni hivyo hivyo. Mrija ukitolewa, chini kuna chembe nyekundu, juu kuna maji ya rangi ya manjano, na katikati kuna kitu kama utandu mzito, laini, wa rangi ya maziwa yaliyochanganyika na manjano. Huo ndio wavu wa fibrini, umejaa chembe sahani na chembe nyeupe nyingi.

Daktari anautoa kwa koleo ndogo safi, anakata ile sehemu nyekundu, anaukandamiza taratibu na kuuweka katika shimo la jino. Mara nyingi anashona ufizi juu yake ili usitoke. Katika siku zinazofuata, unaachilia vile vitu vya kuwaita mafundi kidogo kidogo, si vyote kwa mara moja.

Ni lazima kazi ifanywe upesi, kwa sababu damu haikutiwa dawa ya kuzuia kuganda. Ikikaa kwenye meza dakika kadhaa bila kuzungushwa, itaganda yote pamoja na nia ya kazi itapotea. Wahudumu wa maabara mlioko hapa mnaujua mrija wa kofia ya zambarau. Huo una dawa ya kuzuia kuganda, haufai kwa kazi hii. Na msiende kujaribu kwa mashine ya zahanati kwa sababu mmesikia mazungumzo haya! Ni kazi ya daktari aliyefunzwa, mwenye vifaa vyake.

JE, INASAIDIA KWELI?

Hapa tuseme ukweli mtupu, bila kuongeza chumvi. Uchunguzi mwingi umefanywa hasa juu ya magego ya mwisho ya taya la chini, yale ambayo mara nyingi hukwama katika mfupa na kutolewa kwa upasuaji. Ukijumlisha matokeo, wagonjwa waliowekewa utandu wa damu yao walielekea kuwa na maumivu kidogo zaidi, ufizi wao ukafunga vizuri, na wachache zaidi wakapata lile tatizo la kidonda kikavu tutakalolieleza sasa hivi. Juu ya mfupa, kama unajengeka upesi zaidi au la, wataalamu hawajakubaliana.

Kwa hiyo ni msaada, si muujiza. Mtu akikuambia kwamba ukiwekewa damu yako hutasikia maumivu kabisa, au mfupa utaota kwa juma moja, huyo anauza. Na kwa jino la kawaida linalotoka bila shida, kwa mtu mwenye afya, shimo hupona vizuri bila mashine yoyote. Usiuze mbuzi kwa ajili ya jambo ambalo mwili wako ungelifanya bure.

Na zile hofu za damu? Kwanza, damu inayochukuliwa ni kidogo. Mtu anayejitolea damu hospitalini hutoa kama mililita 450. Hapa ni vijiko vichache tu. Pili, damu yako mwenyewe haiwezi kukuletea ugonjwa ambao huna, wala hakuna haja ya kutafuta kundi la damu linalolingana. Lakini usafi ni lazima. Sindano iwe mpya, mrija uwe mpya, na kila mrija uandikwe jina la mwenyewe. Kama kuna wagonjwa wawili siku hiyo, mirija isichanganywe. Una haki ya kuona sindano ikifunguliwa mbele yako, na kuuliza damu iliyobaki inatupwa wapi. Kuuliza si kukosa adabu.

KIDONDA KIKAVU

Tumelitaja jina hili, sasa tulieleze, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapoumia.

Wakati mwingine lile bonge la damu linatoka mapema, au linayeyuka kabla nyama changa haijaingia. Shimo linabaki wazi, na mfupa uko uchi. Hiyo ndiyo shida ambayo madaktari huiita shimo kavu. Maumivu yake hayaanzi siku ile ile. Mtu anang'olewa jino Jumatatu, Jumanne anajisikia nafuu, halafu Jumatano au Alhamisi maumivu makali yanamshika, yanapanda mpaka sikioni, mdomo unanuka, na usiku halali.

Kwa meno ya kawaida hutokea kwa watu wachache, kama 1 hadi 5 katika kila 100. Kwa magego ya mwisho ya chini yaliyokwama hutokea mara nyingi zaidi. Wavutaji sigara wako katika hatari kubwa, na pia akina mama wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi. Vidonge hivyo visiachwe kiholela. Mwambie daktari tu kwamba unavitumia.

Tunamkumbuka mama mmoja mchuma chai aliyekuja kwetu siku ya nne baada ya kung'olewa gego. Alikuwa amesukutua kwa nguvu jioni ile ile, maji ya chumvi ya moto, mara nyingi, kwa sababu jirani alimwambia damu iliyobaki shimoni ni uchafu na itaoza. Alitaka kuwa msafi. Akaosha dawa akidhani anaosha uchafu. Alipoteza siku tano za kazi, na mchuma chai hulipwa kwa kilo anazochuma. Hizo siku tano zilikuwa unga na sabuni ya nyumba yake. Sasa mnaona kwa nini tunasema bonge la damu lina thamani?

Kidonda kikavu kinatibika. Mhudumu huosha shimo taratibu, na mara nyingi huweka dawa yenye mafuta ya karafuu ambayo hutuliza maumivu. Lakini msijimiminie mafuta ya karafuu nyumbani, maana yakiwa makali yanachoma ufizi. Nendeni zahanati.

JINSI YA KULILINDA BONGE NYUMBANI

Haya sasa, haya ndiyo mwende nayo. Hayana gharama.

1. Uma kitambaa safi au pamba uliyopewa kwa muda wa dakika 30 hadi 45 bila kufungua kila mara kuchungulia. Damu kidogo katika mate siku ya kwanza ni kawaida.

2. Kwa saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme teme, wala usinywe soda kwa mrija. Kufyonza na kutema huvuta bonge nje. Mate yameze tu.

3. Usivute sigara, usiweke ugoro, usitafune miraa wala muguka, usinywe pombe. Sigara iachwe angalau siku tatu, na kama unaweza kuiacha kabisa, basi shukuru jino lako bovu.

4. Kula chakula laini kisicho cha moto: uji uliopoa, viazi vilivyopondwa, ndizi. Tafuna kwa upande mwingine. Chai ya moto ingoje kesho.

5. Usiguse shimo kwa ulimi, kidole, wala kijiti. Usiweke majani, masizi, tumbaku au majivu. Shimo lina dawa yake tayari.

6. Kwa maumivu tumia parasetamoli kwa kipimo ulichoambiwa. Aspirini isitumiwe kutuliza maumivu haya, kwa sababu inazuia chembe sahani zisifanye kazi. Lakini kama daktari wako alikupa aspirini au dawa nyingine ya kulainisha damu kwa ajili ya moyo, usiiache mwenyewe. Mwambie daktari wa meno kabla hajagusa jino.

7. Baada ya saa 24, anza kusukutua taratibu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai katika glasi moja, hasa baada ya kula. Piga mswaki meno mengine kama kawaida.

Mnaona? Maji ya chumvi ni mazuri. Ila yana siku yake. Leo yanaharibu, kesho yanasaidia.

RUDI UPESI UKIONA HAYA

Kama damu inaendelea kububujika, uma kitambaa kingine safi kwa dakika 30 ukiwa umekaa wima. Isipoacha, nenda hospitali hata kama ni usiku. Rudi pia ukiona uvimbe unaongezeka baada ya siku ya tatu, homa, usaha, au mdomo kushindwa kufunguka. Na kama uvimbe unashuka shingoni, mtu anashindwa kumeza au kupumua, hapo hakuna kungoja asubuhi. Tafuteni gari wakati huo huo.

Wenye kisukari, wenye ugonjwa wa damu kutoganda, waliopigwa mionzi ya kutibu saratani karibu na taya, na akina mama wajawazito waseme kabla ya kung'olewa jino. Watu kama hao ndio wanaohitaji daktari mwenye ujuzi, na wengine wao huenda huo utandu wa damu ukawafaa kweli.

KABLA YA KULIPA

Ukiambiwa uwekewe damu yako mwenyewe, uliza: Kwa nini jino langu linahitaji hivi? Shimo litapona bila hiyo? Ni bei gani, na imejumlishwa katika gharama ya kung'oa au ni mbali? Nani anatoa damu, na amefunzwa? Daktari mzuri hatakasirika. Atafurahi kwamba mgonjwa wake anaelewa.

Na msing'olewe meno sokoni kwa koleo la fundi. Hata damu nzuri namna gani haiwezi kushinda chuma kichafu na taya lililovunjwa.

Basi ndugu na dada, tumefika mwisho. Wataalamu wa Marekani na Ufaransa walitumia akili nyingi na mashine nzuri, na walichofanya ni kukusanya kile ambacho kimo katika damu ya kila mmoja wetu, tajiri na maskini. Mwenye uwezo na mwenye haja atumie ujuzi huo. Lakini kila mtu, bila kubagua, aondoke kwa daktari akijua kwamba shimo lililojaa damu iliyoganda si shimo chafu. Ni shimo ambalo limeanza kupona.

Tunawaachia maswali ya kuzungumza katika vikundi vyenu: Watu wa kwetu hufanya nini jioni ile baada ya kung'olewa jino? Ni desturi gani kati ya hizo zinazoharibu bonge la damu? Na ni nani katika kijiji atakayewaeleza wale wanaotoka zahanati bila kuelezwa lolote?